Dawa ya kusafisha nozeli: mwongozo kamili wa kujua kama gari lako linaihitaji, na kuitumia ifanye kazi

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amemimina chupa ya kwanza ya dawa ya kusafisha nozeli, vile vifaa vinavyopulizia mafuta kwenye injini, akaongeza ya pili, na gari bado linatetemeka kwenye foleni na kunywa mafuta vilevile. Mara nyingi dawa haina kosa. Imepewa ugonjwa usio wake, au imemiminwa vibaya, au injini yenyewe imejengwa kwa namna ambayo dawa ya kwenye tangi haifiki palipo na uchafu.

Je, dawa hizi zinasaidia? Ndiyo, kwa kazi moja. Dawa nzuri huyeyusha utandu ulioganda kwenye ncha za nozeli, na kwa injini za kawaida hufika hadi mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa. Mwaka 2016 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima petroli yenye kisafishaji cha kutosha dhidi ya ile yenye kiwango cha chini tu. Baada ya mwendo sawa na kilomita 6,400 hivi, petroli ya kiwango cha chini ilikuwa imeacha wastani wa mara 19 ya utandu wa ile nyingine. Kwa hiyo kemia yake ni ya kweli. Lakini haiponyi plagi iliyochoka, koili (inayoipa plagi umeme) iliyokufa, pampu dhaifu wala petroli iliyochakachuliwa.

## Vitu vya kuandaa

Usianze na chupa peke yake. Kusanya hivi kwanza:

- Chupa moja ya dawa yenye PEA (maelezo yako hatua ya 4).
- Kisoma kodi cha OBD2 cha bluetooth (husoma namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari), pamoja na app yake kwenye simu.
- Soketi ya plagi. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye IST, Raum na baadhi ya Vitz, hutumia ya milimita 16.
- Multimita ya kawaida.
- Kopo la dawa ya kusafishia throto (mlango wa hewa ya injini) na vitambaa visivyoacha nyuzi.
- Filta ya hewa mpya, kama ya zamani imeshakuwa nyeusi.
- Chupa ya kioo yenye mfuniko, safi na kavu, ya kukaguria mafuta.
- Glovu, miwani ya kinga na kizimamoto cha poda.
- Daftari na kalamu.

Geji ya presha ya mafuta utaikuta kwa fundi. Si lazima ununue yako, lakini hakikisha fundi anayo kabla hujampelekea gari.

## Hatua ya 1: Jua injini yako inapuliza mafuta wapi

Hatua hii haigharimu senti, na ndiyo inayorukwa na watu wengi.

Injini za kawaida hupulizia petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Kila tone hupita juu ya valvu likiingia ndani. Dawa iliyo kwenye petroli huiosha nozeli, ikaiosha na valvu. Injini za aina ya pili hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Humo petroli haiigusi kamwe upande wa valvu unaopitisha hewa. Ukimimina chupa kumi, mgongo wa valvu utabaki mweusi kama sufuria ya kuni.

Fungua boneti usome kibati cha gari penye neno ENGINE. Kwa Toyota, kodi za injini (majina yake ya herufi na namba) zinazoishia na FE kama 1NZ-FE, 1ZZ-FE na 2AZ-FE ni za aina ya kwanza. Zinazoishia na FSE, kama 1AZ-FSE ya Premio na Noah za D-4 au 4GR-FSE ya Mark X na Crown za 2500, hupuliza ndani ya silinda. 2GR-FSE ina nozeli za aina zote mbili. Kwa Nissan, HR15DE ni ya kawaida, MR20DD ni ya moja kwa moja. Mazda za SkyActiv-G nazo ni za moja kwa moja, sawa na FSI za Volkswagen.

Kama injini yako ni ya moja kwa moja, dawa bado ina faida kwenye ncha za nozeli. Ila usiitegemee kwa utandu wa valvu. Hilo lina tiba yake, utaikuta hatua ya 7.

Umefanikiwa ukiweza kusema kodi ya injini yako na mafuta yanapita wapi.

## Hatua ya 2: Andika hali ya gari kabla hujagusa chochote

Bila vipimo vya mwanzo utabaki unabishana na masikio yako. Ukishalipia chupa, unataka isikike imefanya kazi, na utaisikia hata kama haijafanya.

Andika mambo matano.

Ulaji wa mafuta. Jaza tangi hadi bunduki ya pampu ikate yenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Umetembea kilomita 456 ukajaza lita 38? Gawanya: kilomita 12 kwa lita. Usikadirie kwa mshale wa dashibodi, wala kwa fedha ulizolipa, kwa sababu bei ya lita hubadilika kila mwezi.

Kuwaka asubuhi. Hesabu sekunde starta inazozunguka kabla injini haijashika.

Sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Injini ikishapata moto na AC ikiwa imezimwa, Toyota nyingi ndogo hukaa kati ya mizunguko 600 na 700 kwa dakika. Andika kama mshale umetulia au unapanda na kushuka.

Kodi za hitilafu. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa. P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta vizuri. P0420 inahusu masega ya ekzozi, yaani kisafishaji cha moshi. Piga picha ya skrini. Usizifute bado.

Marekebisho ya mafuta. Ni kiasi cha mafuta ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza; app huyaandika kwa asilimia, STFT ya muda mfupi na LTFT ya muda mrefu. Jumlisha hizo mbili injini ikiwa ya moto, mara moja ikiwa sailensi na mara moja ukiishikilia kwenye 2500. Jumla kati ya -10 na +10 si ya kukutia hofu. Ikiwa ni +15 kwenye sailensi lakini inashuka hadi karibu +3 kwenye 2500, kuna hewa ya wizi inayoingia kupitia hozi iliyopasuka au gaskiti, na dawa haitakusaidia. Ikiwa ni nzuri kwenye sailensi kisha inapanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu, filta ya mafuta, sensa ya hewa au nozeli. Ikiwa ni hasi sana, injini inapata mafuta kupita kiasi, huenda kwa nozeli inayovuja.

Kuna dalili moja ya nozeli inayovuja ambayo haihitaji kifaa. Zima gari likiwa la moto, liache dakika 20 au 30, kisha liwashe. Likishika kwa shida na ukasikia harufu ya petroli kwenye ekzozi, kuna nozeli iliyokuwa inadondosha wakati gari limezimwa.

## Hatua ya 3: Ondoa magonjwa yanayofanana na nozeli chafu

Hapa ndipo fedha za wengi zinapookolewa, kwa hiyo usikimbie. Gari linalotetemeka kwa plagi na gari linalotetemeka kwa nozeli yanatetemeka sawasawa. Kiti hakikwambii tofauti.

Plagi. Ngoja injini ipoe kabisa. Fungua plagi moja moja na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Plagi yenye afya ina ncha ya rangi ya kahawia au kijivu iliyopauka. Nyeusi na kavu kama masizi ya koroboi ina maana mafuta ni mengi au moto ni dhaifu. Nyeusi yenye kulowa na kunata ni oili inayopenya kutoka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na hakuna dawa ya tangi inayoziba ringi. Nyeupe kabisa yenye malengelenge ni joto kupita kiasi, labda kwa mchanganyiko wenye mafuta machache. Ukiona vumbi la rangi ya kutu au chungwa, uliza kama gari limewahi kutiwa dawa ya kuongeza okteni (uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo) yenye manganizi. Huacha alama hiyo.

Linganisha zote nne. Tatu za kahawia na moja nyeusi, tatizo liko kwenye silinda hiyo moja. Utandu wa nozeli mara nyingi hujijenga polepole kwenye zote.

Koili. Kama kodi ni P0301, hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 2, na ya 2 uilete ya 1. Futa kodi, endesha. Kodi ikihama ikawa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, rudi kwenye plagi, nozeli au kompresheni (mgandamizo wa silinda).

Filta ya hewa na throto. Toa hozi ya hewa, ufunguo ukiwa umechomolewa. Ukiona pete nyeusi pale kingo za kipande cha throto zinapokutana na ukuta, sailensi ya gari lako imekuwa inavuta hewa kwa shida. Pulizia dawa kwenye kitambaa, kisha futa taratibu. Kwa throto za umeme usisukume kipande kwa kidole ukiwa umewasha swichi. Ndani kuna gia ndogo za plastiki, zikivunjika utanunua throto nzima. Dawa hiyo pia usiielekeze kwenye sensa ya hewa. Uzi wake ni mwembamba mno na una dawa yake maalumu. Baada ya usafi sailensi inaweza kuwa juu kwa muda mpaka kompyuta ijizoeshe.

Hozi za vakiumu. Washa injini, sikiliza mlio wa kufyonza. Kunja kila hozi kwa vidole uangalie nyufa. Mpira uliokaa miaka 15 kwenye joto la injini hupasuka pale unapokunjika.

Presha ya mafuta. 1NZ-FE inatakiwa isome kPa 304 hadi 343, sawa na psi 44 hadi 50. Ikisoma psi 30, hata ukifunga nozeli mpya gari litakosa nguvu. Kwenye Vitz, IST na ndugu zao, filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu, chini ya kiti cha nyuma, na chini kabisa ya pampu kuna soksi ya kuchuja. Soksi hiyo ikiziba mchanga na kutu, gari hufa likipanda mlima na kuzinduka likiteremka. Ukifungua hapo, ondoa kwanza nyaya ya hasi ya betri, piga brashi vumbi lote juu ya kifuniko lisidondokee ndani, na usiruhusu moto wala sigara karibu.

Nozeli zenyewe. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli, mpini sikioni, injini ikiwa imewashwa. Unatakiwa kusikia tiki-tiki ya haraka na inayofanana kwa zote. Iliyo kimya haina umeme au imekufa. Zima gari, chomoa soketi, pima kwa multimita. Nozeli nyingi za Toyota za aina hii husoma kati ya omu 11 na 15, na cha muhimu zaidi ni zote zilingane. Inayosoma mbali na wenzake imeungua waya ndani. Hiyo haisafishiki.

Umefanikiwa ukifika mahali ambapo plagi, koili, hewa na presha zote ziko sawa na gari bado linatetemeka kidogo, linachelewa kuitika ukikanyaga, au ulaji umepanda polepole kwa miezi. Sasa una sababu ya kununua chupa.

## Hatua ya 4: Chagua dawa kwa kilichomo ndani

Rangi ya chupa na picha ya gari la mashindano havisafishi kitu. Tafuta herufi tatu: PEA, yaani polietheramini. Ndiyo kemikali inayostahimili joto la chumba cha mwako na kung'oa kaboni iliyokwisha kuwa ngumu. Techron ya Chevron, kwa mfano, imejengwa juu ya PEA. Kemikali nyingine inayotumika sana ni PIBA, ambayo inafanya vizuri kwenye nozeli na valvu lakini haisafishi chumba cha mwako.

Chupa nyingi za bei ya chini zimejaa kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa na kisafishaji kidogo sana. Kama lebo haitaji kilichomo, tafuta karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Isipokuwepo popote, iache dukani.

Soma pia kama imeandikwa ni ya petroli au dizeli, na kama ni salama kwa sensa ya oksijeni na masega. Dawa ya kuongeza okteni ni kitu kingine kabisa, hata kama zimepangwa rafu moja. Nunua penye risiti, na kagua sili ya mfuniko. Chupa iliyofunguliwa na kujazwa tena ni rahisi kuitambua: pete ya mfuniko imekatika au kiwango cha ndani hakilingani na chupa ya jirani.

Usijaribu mapishi ya mtaani. Mafuta ya taa hushusha okteni na injini huanza kugonga, mlio kama kokoto ndani ya kopo ukipanda mlima. Thina hula mipira ya mfumo wa mafuta. Mafuta ya breki kwenye tangi hayana kazi hata moja ya kufanya humo. ATF, mafuta ya gia za otomatiki, haikutengenezwa iungue, nayo huacha uchafu wake juu ya ule uliokuwepo.

## Hatua ya 5: Mimina kwa kipimo na kwa mpangilio

1. Subiri tangi libaki na robo au chini kidogo. Usisubiri liishe kabisa: pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, ikikauka inaungua.
2. Soma lebo inasema chupa moja inatosha lita ngapi. Kama imeandikwa hadi lita 60 na tangi lako ni la lita 42, bado ni chupa moja. Kama inatosha lita 40 na tangi ni la 60, unahitaji moja na nusu.
3. Mimina dawa kwanza, ukiwa sheli, kisha jaza petroli papo hapo. Petroli inayoingia kwa nguvu ndiyo inayoichanganya. Ukijaza kwanza halafu ukamimina juu, sehemu ya dawa hubaki kwenye shingo ya tangi.
4. Iliyodondokea kwenye rangi ya gari ioshe kwa maji mara moja. Inakula rangi.

Kosa kubwa hapa ni kuiweka kwenye lita tano za petroli eti ifanye kazi haraka. Dawa nzito kiasi hicho huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili ya injini. Uchafu nao hung'oka kwa mkupuo badala ya kuyeyuka. Lita nyingi zilizopimwa vizuri zinashinda lita chache zilizokolea.

Kosa la pili ni kuitumia kwa safari za sokoni na kurudi. Utandu unayeyuka kwa joto na kwa muda. Panga iwe wiki unayosafiri. Dar es Salaam hadi Morogoro na kurudi ni karibu kilomita 400, Nairobi hadi Nakuru na kurudi ni zaidi ya 300. Ni umbali wa kutosha. Barabara ikiruhusu, acha injini izunguke kati ya 2500 na 3500 kwa vipindi vya dakika kumi au kumi na tano. Huna haja ya kukimbiza gari, punguza gia moja tu. Tumia hadi tangi lirudi robo, ndipo ujaze petroli ya kawaida.

Kilomita 50 hadi 100 za mwanzo injini inaweza kutetemeka kidogo au kutoa moshi mwepesi. Hilo hupita. Lakini taa ya cheki injini ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo, tafuta mahali salama, zima. Kuna silinda isiyochoma, na petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye masega na kuyayeyusha. Masega ni ghali kuliko nozeli zote nne.

## Hatua ya 6: Pima tena

Badilisha oili kama muda wake umekaribia. Sehemu ya dawa na uchafu uliong'oka hupita kwenye ringi na kuishia humo. Ndiyo maana ni busara kupanga matibabu haya kabla tu ya sevisi, si siku moja baada yake.

Sasa rudia vipimo vitano vya hatua ya 2, kwenye pampu ileile na njia ileile.

Mafanikio yanaonekana hivi: mshale wa sailensi umetulia. Marekebisho ya mafuta yaliyokuwa +12 yameshuka na kukaribia sifuri. Gari linaitika mara moja ukikanyaga kutoka kwenye mataa. Ulaji unarudi ulikokuwa kabla haujaanza kupanda. Kama gari lilikuwa linatoa kilomita 14 likashuka hadi 12.5, kurudi 13.5 ni matokeo mazuri. Usitarajie Vitz itoe kilomita 20 kwa sababu ya chupa. Dawa inarudisha kilichopotea kwa uchafu, haiongezi kitu ambacho injini haikuzaliwa nacho.

Mabadiliko yakiwa nusu, rudia tangi moja zaidi kwa kipimo kilekile. Yasipokuwepo kabisa, usinunue chupa ya tatu.

## Hatua ya 7: Chupa isiposaidia

Kwa injini za kawaida, hatua inayofuata ni kuzifungua nozeli na kuzisafisha kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kisha kuzipima kwenye vioo, ile mirija inayopokea mpulizo wa kila nozeli. Kabla ya kufungua, fundi atoe presha: achomoe rilei ya pampu, awashe injini hadi izime yenyewe, ndipo aondoe nyaya ya hasi ya betri. Akifungua bomba bila kufanya hivyo, petroli itaruka juu ya injini ya moto.

Mwambie akuonyeshe vioo kabla na baada. Unaangalia mambo matatu: kiasi kilichojaa kwenye kila kioo, umbo la mpulizo, na udondoshaji nozeli ikiwa imefungwa. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho isizidi asilimia 10, na ikiwa 5 ni bora zaidi. Mpulizo uwe ukungu wenye umbo la koni. Uzi mmoja kama wa bomba la maji ni nozeli chafu. Kwa dakika moja ikiwa imefungwa chini ya presha, isidondoshe.

Baada ya usafi, oringi (pete za mpira) na vichujio vidogo vya ndani lazima viwe vipya. Oringi za zamani zimeshakuwa ngumu, zikirudishwa zitavuja petroli juu ya injini. Zipakwe oili kidogo ya injini kabla ya kuingizwa. Gari likiwashwa, shika tochi ukague kila nozeli kwa dakika tano.

Epuka usafi wa waya na betri, ule wa kuunganisha nozeli moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 huku ikipulizwa dawa ya kopo. Koili ya nozeli haikutengenezwa ishike umeme mfululizo, inaungua ndani ya muda mfupi. Na cheche ya waya karibu na mvuke wa dawa ndiyo mwanzo wa moto wa gereji.

Kwa injini za moja kwa moja, valvu husafishwa kwa kufungua manifoldi ya hewa na kukwangua, au kupuliza chembe za maganda ya jozi kwa hewa ya kompresa huku valvu ya silinda hiyo ikiwa imefungwa. Chembe ikiingia silinda ni hasara, kwa hiyo mpe aliyewahi kuifanya. Nozeli zake usizifungue mwenyewe: presha ya mfumo huo ni zaidi ya mara 20 ya ile ya kawaida.

## Kama tatizo ni mafuta yenyewe

Gari lililokuwa zima likaanza kumisi kilomita chache tu baada ya kutoka sheli halina nozeli chafu. Lina mafuta mabaya. Toa mafuta kidogo kwenye tangi, yatie kwenye ile chupa ya kioo, funga, iache imetulia nusu saa kwenye mwanga. Maji yatakaa chini, na mstari kati yake na petroli unaonekana wazi kama maji chini ya mafuta ya kupikia. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Chovya karatasi nyeupe, ianike kivulini: petroli safi hukauka haraka bila alama, ya kuchakachuliwa huacha doa la mafuta.

Ukithibitisha, acha kuwasha gari. Tangi limwagwe, filta na soksi zikaguliwe, ndipo ujaze upya. Kumimina dawa ya kusafisha juu ya mafuta yaliyochanganywa ni kupoteza fedha mara mbili. Tunza risiti na sampuli. Tanzania, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili uchakachuaji ugundulike. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuyachanganya, na malalamiko ya ubora hupokewa na EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko.

## Magari ya dizeli

Dawa ya petroli isiingie kwenye dizeli hata kidogo. Pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yenyewe, na dawa isiyo yake huiondolea ulainisho huo. Anza na kumwaga maji kwenye chujio la maji, kisha badilisha filta. Kwenye Hilux au Prado za D-4D, vitu hivyo viwili huondoa malalamiko mengi kabla ya kufika kwenye nozeli. Ukiona moshi mweusi, kagua filta ya hewa na EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye injini) kwanza.

Usilegeze bomba la nozeli za komoni reli (mfumo wa dizeli wa presha kubwa) injini ikiwa inawaka, na usitafute uvujaji kwa mkono. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na ni jeraha la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi.

## Irudiwe baada ya muda gani

Kwa gari la kawaida la petroli linalokaa kwenye foleni kila siku, tangi moja lenye dawa kabla ya sevisi, kila kilomita 10,000 hadi 15,000, linatosha. Gari linalotembea safari ndefu na kujaza kwenye kituo chenye mafuta mazuri linaweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Angalia daftari lako: ulaji ukiwa umesimama palepale na marekebisho ya mafuta yako karibu na sifuri, subiri sevisi inayofuata.